Utangulizi: Theluji ya Krismasi na Elimu ya Kutabiri Majira ya Baridi

Kila ifikapo Novemba, watabiri wa hali ya hewa wa Uingereza huandamwa na swali moja: je, Krismasi ya mwaka huu theluji itaanguka? Huulizwa na watoto, na wenye hoteli, na halmashauri zinazopaswa kuweka akiba ya chumvi ya kumwaga barabarani, na wacheza kamari wasio na haja hata kidogo na theluji yenyewe. Wapo wasomi wanaolidharau swali hili. Mimi humshauri kila mwanafunzi anayebisha hodi katika fani hii aanze nalo, kwa sababu akilifuatilia mpaka mwisho atakuwa ameingia karibu kila chumba cha nyumba nzima.

Atakalokutana nalo kwanza ni suala la kipimo. Kwa Met Office, idara ya taifa ya hali ya hewa ya Uingereza, Krismasi huwa nyeupe ikionekana chembe moja ya theluji ikianguka popote nchini katika saa 24 za tarehe 25 Desemba. Zamani macho yote yalikuwa juu ya paa la jengo la idara hiyo jijini London. Wamarekani wana masharti mengine: asubuhi ya siku hiyo ardhi iwe imefunikwa na theluji ya inchi moja, yaani kama sentimita 2.5. Naona kipimo cha Wamarekani ndicho cha haki, kwani hakuna mtoto aliyewahi kucheza na chembe moja. Uingereza nayo ingehesabu theluji iliyotanda ardhini sehemu kubwa ya nchi, basi kati ya 1960 na 2020 ingepata Krismasi nyeupe nne tu: 1981, 1995, 2009 na 2010.

Mbona chache hivyo, na kadi za Krismasi zimejaa theluji? Mwandishi Charles Dickens, aliyechapisha hadithi ya A Christmas Carol mwaka 1843, alikulia katika miaka ya baridi kali, na picha aliyowaachia Waingereza imedumu kuliko hali ya hewa iliyoizaa. Kalenda nayo ilichangia: marekebisho ya 1752 yaliondoa siku 11, Krismasi ikasogezwa nyuma kuelekea mwanzo wa baridi. Desemba bahari inayokizunguka kisiwa kile huwa bado haijapoa vya kutosha, ndiyo maana theluji huonekana zaidi Januari na Februari. Joto la mchana London mwezi Desemba huwa kama nyuzi 8 au 9, ilhali theluji huhitaji hewa ya karibu na ardhi ishuke hadi nyuzi 2 hivi au chini yake. Mvua ya Atlantiki inapokutana na hewa baridi kutoka bara, nusu nyuzi tu ndiyo huamua kama watu wataamkia weupe au matope. Hapo ndipo mtabiri hodari huumbuka.

Historia ya kazi yenyewe nitaipitia haraka. Robert FitzRoy, nahodha aliyemsafirisha Darwin, alitoa utabiri wa kwanza kwa umma katika gazeti la The Times mwaka 1861. Mwaka 1922 Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba hali ya hewa ya kesho inaweza kupatikana kwa kukokotoa, ingawa jaribio lake mwenyewe lilitoa jibu la ajabu. Kisha Edward Lorenz, mwaka 1961, aliingiza katika kompyuta yake 0.506 badala ya 0.506127, akaona hali ya hewa ya mfano wake ikienda njia nyingine kabisa. Tangu hapo tumejua kwamba kosa dogo la leo hukua. Kwa hiyo kituo cha Ulaya cha utabiri chenye makao makuu Reading hukokotoa utabiri mara 51, kila mara kikianza na vipimo vilivyotofautishwa kidogo. Majibu 40 yakionyesha theluji, mtabiri ana la kusema. Yakigawanyika nusu kwa nusu, naye aseme hivyo. Kwa siku ya Krismasi, jibu la kuaminika hupatikana kama siku tano kabla.

Na utabiri wa msimu mzima unaotolewa Oktoba au Novemba, je? Huo hautaji siku. Unasema kama majira yana uwezekano wa kuwa ya baridi kuliko wastani, ya wastani, au ya joto kuliko wastani. Msomaji wa Tanzania au Kenya anaijua lugha hiyo, kwa kuwa ndiyo hutumika kutangaza mvua za vuli na masika. Ulaya ya kaskazini magharibi, mizani iko baharini, kati ya visiwa vya Azores na Iceland. Tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya sehemu hizo ikiwa kubwa, pepo za magharibi huleta mvua na uvuguvugu. Ikipungua sana, mlango wa hewa ya kaskazini na mashariki hufunguka, kama ilivyokuwa Desemba 2010, Desemba ya baridi kuliko zote Uingereza kwa muda wa miaka mia.

Sasa, ni nini kinachoichezesha mizani hiyo? Hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu avute kiti karibu. Juu ya ikweta, na kwa hiyo juu ya Kenya na Uganda, kilomita 20 na zaidi kutoka ardhini, kuna upepo unaogeuka kutoka mashariki kwenda magharibi na kurudi, mzunguko mmoja ukichukua kama miezi 28. Unapovuma kutoka mashariki, kizingia cha pepo baridi juu ya Ncha ya Kaskazini huelekea kudhoofika, na baridi kali Ulaya huwa na nafasi zaidi. Bahari ya Hindi nayo ina neno lake. Mwishoni mwa 2019 maji ya upande wetu yalipata joto kupita kawaida huku ya upande wa Sumatra yakipoa. Afrika Mashariki ilipigwa na vuli ya mafuriko na maporomoko ya ardhi. Joto lililoachiwa na mawingu ya mvua hiyo lilisukuma mawimbi makubwa angani hadi kaskazini, na watafiti wa Met Office waliihusisha hali hiyo na majira ya uvuguvugu na mvua yaliyofuata kwao. Februari 2020 ilikuwa ya mvua nyingi kuliko Februari zote katika kumbukumbu za Uingereza.

Basi mwanafunzi wa Mombasa, Mwanza au Goma asijione mgeni katika fani hii. Hisabati na fizikia zinazotakiwa ni zilezile popote, na vipimo vya anga ya tropiki bado ni vichache: vituo vya Afrika vinavyorusha maputo ya kupima upepo na joto la juu haviwiani na ukubwa wa bara. Jifunze kazi hiyo, kisha dai vituo viongezwe, maana utabiri wa baridi ya London hauwezi kuwa bora kuliko vipimo vya anga letu.