Neno "Phyto" kwenye lebo ya dawa lina maana gani kwa mkulima?

Ukisoma vizuri lebo ya dawa ya nyanya au viazi, mara nyingi utakuta neno linaloanza na "phyto". Wengi tunaliruka kwa sababu ni gumu kulitamka. Leo tulifungue, maana linaweza kukuokolea hela na mazao.

Neno hili limetoka kwenye Kigiriki cha kale. Wagiriki waliita mmea "phyton", kutokana na kitenzi chao chenye maana ya kuota au kukua. Hata neno letu fizikia lina asili kwenye shina hilohilo. Kwa hiyo ukiona "phyto" mwanzoni mwa neno, jua habari inahusu mmea. Kinachofuata ndicho kinakuambia mmea umefanywa nini.

Yapo matatu utakayokutana nayo sana:

1. Phytosanitary. Hii ni afya ya mimea. Ndicho cheti cha afya ya mimea anachohitaji anayepeleka parachichi au maua nje ya nchi. Kwa Tanzania kinatolewa na TPHPA, kwa Kenya ni KEPHIS. Wafanyabiashara wanakiita "faito" tu.

2. Phytotoxic. Hii ni sumu kwa mmea. Lebo ikisema hivyo, maana yake dawa inaweza kuunguza majani ukizidisha kipimo, ukichanganya ovyo au ukipulizia jua kali. Mchanganyiko mpya ujaribu kwanza kwenye miche michache, usubiri siku kadhaa ndipo upulizie shamba zima.

3. Phytophthora. Hapa ndipo penye hasara kubwa. "Phthora" kwa Kigiriki ni uharibifu, kwa hiyo jina zima ni "mharibifu wa mimea". Alilitoa mtaalamu wa Kijerumani Anton de Bary mwaka 1876, na hakutia chumvi. Mwaka 1845 Phytophthora infestans iliingia kwenye viazi vya Ireland, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni 1. Wakati ule wengi walidhani ukungu unakuja baada ya kiazi kuoza chenyewe. De Bary ndiye aliyethibitisha kwamba ukungu ndio unaoozesha.

Huyu huyu ndiye anayeleta bakajani chelewa kwenye nyanya na viazi vyetu. Ndugu yake, Phytophthora cinnamomi, anaozesha mizizi ya parachichi kwenye udongo unaotuamisha maji.

Sasa jambo la msingi. Phytophthora inafanana na fangasi lakini siyo fangasi wa kweli, kwa ukoo iko karibu zaidi na mwani. Ndiyo maana dawa kama carbendazim au thiophanate-methyl, ambazo ni nzuri kwa fangasi wengi, haziizuii. Mkulima anapulizia mara tatu, shamba linazidi kuungua, halafu anasema dawa ni feki. Kumbe dawa ni nzima, ila haikutengenezwa kwa ajili ya adui huyo.

Ufanye nini?

- Kagua dalili. Bakajani chelewa hupenda baridi na mvua. Madoa huanza kama yamelowa maji, kisha yanakuwa kahawia au meusi na kusambaa haraka. Asubuhi geuza jani, utaona ukungu mweupe chini yake. Doa lenye miduara ndani ya miduara ni bakajani tangulia, huo ni ugonjwa mwingine.
- Dukani usiombe "dawa ya ukungu" tu. Taja ugonjwa, kisha soma lebo kama imetaja zao lako na bakajani chelewa au Phytophthora.
- Mancozeb ni ya kukinga, ipuliziwe kabla ugonjwa haujaingia. Metalaxyl huingia ndani ya mmea, lakini usiirudie mfululizo msimu mzima, ugonjwa utaizoea.
- Ng'oa mimea iliyoathirika na uichome au uifukie. Usiitupe pembeni ya shamba.
- Kwa parachichi, panda mahali pasipotuama maji.

Lebo ukishindwa kuisoma, ipige picha umpelekee afisa ugani wako kabla hujafungua kifuniko. Kilimo chema.