Turbo Inatema Oili? Usikubali Fundi Azibe Hiyo Paipu

Wikendi nilikuwa Ishiara kusalimia shosho, na hapo steji nikapata Hilux ya turbo dizeli imesimama kando, boneti juu, magunia ya jaba nyuma. Dereva amekunja uso. Mnajua muguka haingoji mtu: ikinyauka, bei inanyauka nayo.

Oili ilikuwa inamwagika pale injini inapokutana na giaboksi. Kumbe wiki hiyo fundi aliona paipu inayotoka juu ya injini kuenda kwa turbo imelowa oili. Akaichomoa, akaziba tundu la injini na bolti. Oili ikaacha kuingia kwa turbo, kila mtu akafurahi. Siku tatu tu. Kisha dipstiki ikaruka, na sili ya nyuma ya krenki ikaachilia. Hiyo sili, manze, lazima giaboksi ishuke ndio uifikie. Hesabu ganji mwenyewe.

Sasa tuelewane. Injini hupumua. Mafuta yakilipuka juu ya pistoni, ringi haziwezi kuziba kabisa. Kuna moshi unapenya kando na kushuka chini kwa krenki, mahali oili inakaa. Hata injini mpya iko nao. Kwa turbo unazidi, juu presha ya silinda ni kubwa. Huo moshi lazima upate mlango. Ukiunyima, utajitafutia wake, na utachagua sili.

Magari ya zamani yalikuwa na paipu inashuka chini, moshi unamwagwa barabarani, hakuna stori mob. California kule Marekani ndio ilianza kulazimisha magari mapya kurudisha huo moshi uchomwe tena.

Kwa ndai ya petroli kama Forester XT, moshi uko na njia mbili. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, unavutwa kwa manifoldi kupitia valvu ndogo inaitwa PCV. Ukikanyaga, turbo inajaza presha huko, valvu inajifunga, na moshi unapitia paipu nyingine hadi mdomo wa turbo, kabla upepo haujasukumwa. Hiyo valvu ikikwama wazi, turbo yako inapuliza upepo ndani ya sampu. Itoe uipulize na mdomo: upepo upite upande mmoja tu. Ukipita pande zote mbili, nunua ingine. Kama gari ni ya kazi ya kila siku, mimi naona ubaki na mpango wa kiwanda, ubadilishe valvu na mipira iliyopasuka, basi.

Ukitaka kusonga mbele kidogo, weka mkebe wa kunasa oili kati ya injini na mdomo wa turbo. Moshi unaingia, oili inadondoka chini, hewa inaendelea. Kwa petroli hii iko na maana, juu oili ikichanganyika na hewa inafanya injini ianze kugonga, na kugonga huvunja pistoni. Lakini angalia ndani ya mkebe. Kama hakuna wavu wala kuta za kugonganisha moshi, hilo ni pambo. Mipira iwe minene, na umwage mkebe kabla haujajaa. Kwenye baridi unajaza maji pia, unapata uji wa rangi ya maziwa.

Halafu kuna ile mbogi ya filta ndogo juu ya injini, wazi kabisa. Inakaa gari ya mashindano, si uongo. Lakini utanusa moshi ndani ya gari, na oili itarashia injini. Pia hakuna kitu inavuta moshi, kwa hivyo oili inachafuka haraka. Ngori kubwa ni lile tundu linalobaki kwa mdomo wa turbo. Hilo ndilo la kuzibwa, si la injini. Ukilisahau, vumbi ya Ishiara inaingia bila kupitia filta na kula mapanga ya turbo. Za kuvutwa na ekzosi ama pampu ni za mashindano, wachana nazo.

Dizeli nayo iko na hatari yake. Oili ikiingia mingi kwa hewa, injini inaweza kuichoma kama mafuta, inajizungusha hadi ipasuke, na ukizima funguo haisikii. Kwa hivyo yule fundi alikuwa na haki ya kuogopa. Dawa tu ndio alikosea. Angeanza na filta ya hewa: ikijaa vumbi, turbo inavuta kwa nguvu zaidi kwa hiyo paipu, na oili inafuata. Pia angecheki kama oili imejazwa kupita alama. Kisha afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukitoka kama sufuria ya githeri, pima kompresheni. Ringi zikiisha hakuna mkebe utakuokoa.

Na ukienda kununua gari ya mtu, fuata hiyo paipu na kidole hadi mwisho. Ukipata bolti, rudi nyumbani na doo zako.

Jaba ilihamishiwa Probox, ambayo haina turbo, ikaishia. Nikirudi jioni dereva alikuwa bado hapo, ile bolti mkononi, akipigia fundi simu haishikwi.