Kodi Nafuu, Nauli na Saa za Barabarani

Wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa jijini Dar es Salaam huuliza mara nyingi wapange wapi. Jibu la haraka ni Chanika au Mbagala, kwa kuwa huko kodi ni ndogo. Lakini afanyaye kazi Posta naye akaishi mbali hulipa mara mbili: kwa mwenye nyumba na kwa barabara. Akitumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, siku 6 kwa juma, saa 24 zimekwisha safarini. Yaani siku nzima, mchana na usiku. Atakapojaliwa watoto, atawaacha wamelala na kuwakuta wamelala.

Kwa nini basi makazi nafuu hayako karibu na kazi? Sehemu ya jibu imo katika ramani ya mipango miji. Tawala za Wajerumani na Waingereza ziliugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu walipewa viwanja vipana upande wa baharini, Wahindi eneo la biashara, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kuwatenga. Ubaguzi ulifutwa; ukubwa wa viwanja ulibaki. Kiwanja cha mita za mraba 1,600 chaweza kutoa vinne vya 400. Mpango ukizuia kukigawa, na ukizuia pia ghorofa, familia moja hukaa panapotosha nne, na zile tatu husogea pembezoni. Foleni ya asubuhi huanzia hapo, kabla hata gari halijawashwa.

Usafiri bora husaidia, ila hautoshi. Mabasi yaendayo haraka yalianza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Ardhi iliyo karibu na kituo hupanda thamani, na kodi huifuata. Nyumba zisipoongezeka kando ya njia, mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo ndiye wa kwanza kuhama. (Simlaumu mwenye nyumba, hata mjane mwenye vyumba viwili huishi kwa kodi hiyo.)

Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya 2015, aliyaweka makazi na usafiri bega kwa bega, namba 152 na 153.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe. Mkutano wa mtaa ukiitishwa kuhusu mpango wa eneo lenu, ulizeni ukubwa wa chini wa kiwanja na idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa.