Utafiti wa Vijana wa Cambridge-Somerville

Utafiti wa Vijana wa Cambridge-Somerville ulikuwa mradi wa kuwashauri na kuwasaidia wavulana katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, Marekani. Huduma ilitolewa kuanzia mwaka 1939 hadi 1945. Ni kati ya majaribio ya kwanza kupima kisayansi kama kazi ya ustawi wa jamii inawafaa kweli wanaohudumiwa.

Chanzo

Mwanzilishi alikuwa Richard Clarke Cabot (1868–1939), daktari na profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1905 alianzisha huduma ya ustawi wa jamii katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston. Mwaka 1931 aliwahimiza wafanyakazi wa ustawi wa jamii wapime matokeo ya kazi yao, wasitosheke na nia njema. Aliamini kwamba mvulana aliye hatarini angeepuka uhalifu kama angepata mtu mzima mwadilifu wa kuwa rafiki yake kwa muda mrefu.

Utaratibu

Walichaguliwa wavulana wenye umri chini ya miaka 12, wengi wao kutoka mitaa ya maskini. Walikuwemo watukutu na watulivu pia, ili mradi usionekane kuwa wa watoto wabaya. Wavulana waliofanana kwa umri, tabia na hali ya nyumbani waliwekwa wawili wawili, kisha sarafu ikarushwa kuamua nani apate huduma. Waliobaki hadi mwisho walikuwa 506, yaani jozi 253.

Waliohudumiwa walitembelewa nyumbani na washauri mara mbili hivi kwa mwezi, kwa wastani wa miaka 5. Wengi walifundishwa masomo ya ziada, wengine walipelekwa kwa madaktari au kwenye kambi za likizo. Wenzao hawakupewa chochote na mradi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliwachukua baadhi ya washauri, hivyo wavulana kadhaa walibadilishiwa mshauri.

Matokeo

Mwaka 1951 Edwin Powers na Helen Witmer walichapisha taarifa ya kwanza. Hawakuona kwamba huduma ilipunguza uhalifu.

Katika miaka ya 1970 Joan McCord (1930–2004) aliwatafuta wavulana hao, ambao sasa walikuwa watu wazima, akawapata karibu wote. Takriban theluthi mbili ya waliohudumiwa na kujibu maswali yake walisema mradi uliwasaidia. Lakini kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilionyesha vingine. Idadi ya waliovunja sheria ilikaribiana katika makundi yote mawili, ila waliohudumiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia kosa, kuonyesha dalili za ulevi, kuugua maradhi makubwa ya akili na kufa mapema. McCord alitangaza matokeo hayo mwaka 1978.

Baadaye aligundua kwamba madhara yalionekana hasa kwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo yanayowezekana ni kwamba huko vijana walifundishana tabia mbaya kwa kutafuta sifa mbele ya wenzao.

Umuhimu

Utafiti huu una somo kwa wanaotoka kwenye ushauri wa vijana na kuingia katika utafiti wa ustawi wa jamii. Mshauri humwona kijana aliye mbele yake. Hawezi kuona kijana huyo angekuwaje bila ushauri. Akiendelea vizuri, mshauri huona ni matunda ya kazi yake, na kijana mwenyewe hukubali. Kundi la ulinganisho ndilo linalotenganisha matunda hayo na mambo ambayo yangetokea hata hivyo.

Hata hivyo, bila kumbukumbu ambazo washauri waliziandika baada ya kila ziara, McCord asingejua nani alikwenda kambini na mara ngapi. Yeye hakudai kwamba vijana waachwe bila msaada. Alisisitiza kwamba miradi ya jamii ichunguzwe madhara yake kama dawa zinavyochunguzwa kabla ya kupewa wagonjwa.