Vipuri vya Mia na Tisa

Mwenye kupanda kutoka Iringa kwenda Kilolo na Dabaga wakati wa masika hana haja ya kuelezwa kwa nini wako watu wa huko ambao hawajayaacha magari ya Land Rover ya kizamani. Matope ya mlimani ndiyo yaliyowafundisha. Gari waliitalo Mia na Tisa, kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, liliacha kutengenezwa mwaka 1985. Lakini viazi vya mkulima havingoji gari jipya.

Basi injini ya umri huo inapoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, mwenye gari huingia katika shauri gumu. Anunue kipuri chenye chapa ya kiwanda, ambacho ni ghali na mara nyingi hakipatikani, au kilichotengenezwa na wengine kwa bei nafuu? Wako wasemao kwamba kila kisicho na chapa ya kiwanda ni bandia. Sisi hatukubaliani nao.

Hata ilipokuwa mpya, injini ile ya lita 2.25 haikuwa kazi ya kiwanda kimoja. Vifaa vya umeme vilitoka kwa Lucas, kabureta kwa Zenith au Solex, na pampu ya dizeli kwa CAV. Kipuri cha mtengenezaji wa namna hiyo hakiwi duni kwa kukosa jina la Land Rover katika boksi lake. Na sili halisi ya mpira iliyokaa ghalani miaka 40 imekwisha kukauka, halisi au si halisi.

Lakini viungo vya injini havilingani. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja, hubadilishwa kando ya njia. Beringi ya krankishafti ikifa mlimani, krankishafti nayo huharibika, na pengine konrodi hutoboa bloku. Hapo aliyebana shilingi chache hupoteza injini nzima, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali hulala njiani. Injini za aina hii za kabla ya 1980 zina beringi kuu 3 tu. Si mahali pa kufanyia majaribio. Beringi, ringi na pampu ya oili zinunuliwe za mtengenezaji anayejulikana, tena zipimwe kabla ya kufungwa. Pistoni halisi iliyozidi elfu 20 za inchi, ikitiwa katika silinda iliyochongwa kwa elfu 40, haina faida yoyote.

Adui ni mwongo, yule atiaye beringi isiyojulikana ndani ya boksi lenye jina la mwingine. Huyo alikwisha kukatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kumshika. Nasi twataka kila mwenye duka la vipuri aandike katika stakabadhi jina la mtengenezaji na nchi kilikotoka kipuri. Dereva atachagua mwenyewe.