Hatua moja iliyosahauliwa, hasara ya dola milioni 460

ASUBUHI ya Agosti 1, 2012, Knight Capital, dalali mkubwa wa hisa nchini Marekani, alianza biashara kama kawaida. Dakika 45 baadaye kampuni ilikuwa imejitia katika hasara ya zaidi ya dola milioni 460.

Chanzo hakikuwa wizi wala kuanguka kwa soko. Uchunguzi wa SEC, chombo kinachosimamia masoko ya hisa ya Marekani, ulibaini kwamba siku chache kabla ya hapo fundi alikuwa akiweka programu mpya kwenye kompyuta nane. Saba ziliipata, ya nane ikasahauliwa, na hapakuwa na fundi wa pili wa kukagua kazi. Soko lilipofunguliwa, kompyuta hiyo iliamsha programu ya zamani iliyokwisha kuachwa, ikamwaga maagizo ya hisa mfululizo. Baruapepe 97 zilizotaja hitilafu zilikuwa zimetumwa kwa wafanyakazi kabla ya soko kufunguliwa, lakini hazikufanyiwa kazi. Bei ya hisa za Knight ilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 katika siku mbili, na mwaka 2013 kampuni hiyo iliunganishwa na Getco.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi leo. Kampuni nyingi, zikiwamo benki, hazimiliki tena kompyuta zote zinazozitumia. Hukodi kwa Amazon, Microsoft au Google kupitia intaneti, utaratibu uitwao "wingu". Kubadili programu huko kuna hatua nyingi: kuweka nakala ya akiba, kusimamisha huduma, kuingiza toleo jipya, kulijaribu, kisha kuwarudisha wateja. Kazi hiyo ikirudiwa kwa mkono kwenye kompyuta mia moja, ni rahisi hatua moja kurukwa.

Dawa inayotumika ni kuziandika hatua zote kama programu, mashine izitekeleze kwa mpangilio uleule kila mara. Hatua ya pili haianzi mpaka ya kwanza ithibitike. Ikitokea kasoro, kazi husimama na toleo la zamani hurudishwa.

Hata hivyo, mashine nayo huhitaji breki. Oktoba 2025, katika vituo vya Amazon vya Virginia, programu mbili zinazojiendesha zilipishana vibaya na kufuta anwani ya huduma muhimu ya kuhifadhi data. Biashara nyingi duniani zilikwama kwa saa kadhaa.

Mwekezaji mdogo hana haja ya kuwa fundi. Katika mkutano mkuu wa wanahisa, baada ya kuuliza gawio, aulize pia: mabadiliko ya mitambo yanafanywa kwa mkono au kwa programu? Nani anakagua? Kosa likitokea, itachukua dakika ngapi kurudi nyuma? Uongozi usio na majibu unacheza na fedha zake. Mdharau mwiba mguu huota tende.