Gari au Chombo? Istilahi za Kuchaji Umeme katika Pwani ya Kismayuu na Visiwa vya Bajuni

Makala haya yanafafanua dhana tatu ambazo katika mijadala ya usafiri wa umeme hufunikwa na istilahi moja, "kituo cha kuchaji": kuchaji polepole, kuchaji haraka, na kubadilisha betri. Kwa mshauri wa sera anayeandaa zabuni, mfuniko huo una gharama, kwa kuwa kila njia inadai umeme wa kiwango chake.

Somalia haina gridi ya taifa. Umeme wa miji, Kismayuu ukiwamo, huuzwa na kampuni binafsi zilizotegemea kwa muda mrefu jenereta za dizeli, na bei yake ni miongoni mwa zilizo juu kabisa duniani. Soketi ya nyumbani hutoa takriban kilowati 2 hadi 3, nayo inatosha kuijaza betri ya bajaji usiku kucha. Chaja ya haraka ya kilowati 50, iliyo jambo la kawaida Ulaya, ingeweza peke yake kuelemea mtambo mdogo wa kijiji.

Tatizo zito zaidi, kwa maoni yangu, limo katika neno "gari". Chula, Chovai na Koyama ni visiwa vya wavuvi; usafiri wa huko ni mashua. Sera ya "magari ya umeme" inawaacha nje wakazi hao kabla hata ya kusomwa. Kiswahili kina dawa yake tayari. "Chombo" kwa baharia ni jahazi au mashua, na katika lugha ya sheria Tanzania "chombo cha moto" ni gari au pikipiki. "Chombo cha umeme" kingewakusanya wote bila kubuni neno jipya.

Tofauti hii si ya msamiati tu. Mashine ya nguvu farasi 15 ikienda kwa nguvu zote kwa saa moja hutumia takriban kilowati-saa 11. Kuzirudisha kwa soketi ya kawaida ni kazi ya saa nne au zaidi, na samaki hawangoji. Kwa mvuvi, basi, kubadilisha betri kunafaa kuliko kuchaji. Mfano wa karibu uko Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako WeTu huchaji taa za wavuvi kwa umeme wa jua na kuzikodisha: mvuvi hulipia matumizi, si kifaa.

Katiba ya Muda ya 2012 inakitaja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu lugha ya pili. Kibajuni hakitajwi kwa jina, ingawa Ibara ya 31 inaitaka dola iendeleze lahaja za jamii ndogo. Hatua ya kwanza ya kuitekeleza ibara hiyo ni nyepesi: hojaji ya kutafuta mahali pa kituo iulizwe kwa Kibajuni, tena ufukweni, na swali lake la mwanzo lisiwe "una gari?" bali mashine yako hunywa petroli kiasi gani kwa safari moja.